Mpangaji Atokaye Kabla ya Muda

Limezidi katika miji yetu jambo ambalo watu hulichukua kuwa jepesi, nalo si jepesi. Mtu hukodi nyumba kwa mwaka mzima, akapatana na mwenyewe kodi na muda, wakaandikiana mbele ya mashahidi. Mwezi wa tano akapata kazi Jidda, au akahamishiwa Nairobi; hapo hufunga mizigo yake usiku, ufunguo akamwachia jirani, naye akasema: Nimekwisha kutoka, kodi ya nini tena? Na wako wamwonao kuwa mwerevu. Sisi twauliza: Je, dhima yake imetoka pamoja na mizigo, au imebaki mle nyumbani?

Ijara ni namna ya mauzo, ila kiuzwacho si nyumba bali ni manufaa yake kwa muda ujulikanao. Aliyekodi mwaka amenunua mwaka. Akirudisha miezi saba kwa kuwa haihitaji tena, ni kama aliyenunua gunia la mchele, akala nusu, kisha akalirudisha dukani adai fedha zake. Hapana mwenye duka atakayemkubalia, wala hapana atakayemlaumu mwenye duka huyo. Na Mwenyezi Mungu, katika aya ya kwanza ya Sura ya Al-Maida, amewaamrisha waumini kutimiza mapatano yao.

Huambiwa: lakini ana udhuru. Madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, hayaivunji ijara kwa udhuru wa mpangaji. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj aliyekodi hamamu kisha akakosa kuni za kuchemshia maji, na aliyezukiwa na safari. Ijara zao zabaki pale pale. Huenda msomaji akaona huu ni ugumu. Na autazame upande wa pili. Lau safari ya mpangaji ingeivunja ijara, basi na mwenye nyumba arudiye kutoka ugenini angeivunja kwa haja yake, na watoto wa mpangaji wakatolewa nje katikati ya masika. Wanazuoni wa Kihanafi huukubali udhuru wa kweli, nao ni watu wa elimu. Lakini hata kwao si udhuru mtu kuona nyumba rahisi zaidi mtaa wa pili.

Nyumba ikianguka, hilo ni jingine, ijara yavunjika. Ikivuja, na mwenyewe asiitengeneze, mpangaji ana hiari ya kutoka.

Ama mwenye safari hakuzibiwa njia. Manufaa ni mali yake, basi aweza kumweka mtu mfano wake amalizie muda, asiwe mhunzi wala dobi wa kuiharibu nyumba iliyokodiwa kwa kukaa tu. Na kwa kuwa hati nyingi za siku hizi humkataza mpangaji kumpangisha mwingine, yampasa aombe ruhusa kwanza. Ikiwa hati imempa nafasi ya kutoka kwa notisi, na atoe notisi yake kwa wakati. Isipokuwa hivyo, aende kwa mwenye nyumba mchana, kwa mlango wa mbele, amwombe iqala, yaani wafunguliane mapatano kwa ridhaa ya wote wawili.

Na hapa twageukia wenye nyumba, kwani wao nao wana lao. Mtume (s.a.w.) amembashiria mwenye kumfungulia nduguye mapatano aliyoyajutia kwamba Mwenyezi Mungu atamsamehe kosa lake, hadithi hiyo imo katika Sunan za Abu Daud. Kukataa ni haki yake. Lakini akiupokea ufunguo, akampangisha mwingine, kisha akashika kodi ya wa kwanza kwa miezi ile ile, huyo ameuza kitu kimoja mara mbili, na fedha za pili si halali yake, hata awe na hati yenye mihuri kumi.

Ama aliyekwisha kutoka kwa siri, naye sasa yuko Jidda, kutuma fedha leo si kazi. Na amuulize mwenye nyumba: nyumba ilikaa tupu miezi mingapi baada yangu? Hiyo ndiyo deni lake, ila akisamehewa.