Mama Aliyerudi



Nipo likizo nyumbani Kunduchi. Juzi mama alirudi kutoka pwani na ndoo ya samaki, akaniomba nimsaidie kupara. Nikamjibu, "Mama subiri kidogo, nasoma." Na kweli nilikuwa nasoma riwaya ya Mkenya Margaret Ogola, The River and the Source, iliyotoka mwaka 1994. Kitabu kikanisuta palepale.

Ndani yake yupo Nyabera, mjane wa Kijaluo. Kifo kimemchukulia mume na watoto, amebaki na binti mmoja tu, Awiti. Anakwenda misheni ya Aluor, anabatizwa, anaitwa Maria. Ungedhani hadithi inaishia hapo, si ndiyo? Hapana. Bado anatamani watoto wengine. Anamwacha Awiti kwa bibi yake, Akoko, anakwenda kuolewa tena. Ndoa ile haimpi alichokitafuta. Anarudi kwa binti yake, na safari hii anabaki. Awiti anasoma, anakuwa mwalimu.

Vijana wenzangu, tusimhukumu haraka. Aliyezika watoto ana kiu ambayo mimi siijui. Lakini kiu ile ilimfanya amtafute asiyekuwepo, akamwacha aliyepo. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Basi mama hukomaa anapoacha kuuliza "mtoto atanipa nini?" akaanza kuuliza "mtoto anahitaji nini?" Mkumbuke yule mama mbele ya mfalme Sulemani: alikuwa radhi kumkosa mwanawe, ilimradi aishi.

Ogola mwenyewe alikuwa daktari wa watoto, akawahudumia yatima wenye VVU katika kituo cha Cottolengo, Nairobi. Watoto ambao hakuwazaa yeye.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: ubatizo haukummaliza Nyabera ubinafsi kwa siku moja. Neema ilimsubiri hadi aliporudi. Na mimi je? Nina shahada ya falsafa, naweza kuwaeleza upendo kuanzia asubuhi hadi jioni, huku mama yangu anapara samaki peke yake uani.

Nikafunga kitabu, nikachukua kisu. Mama hakusema kitu, akanisogezea tu kigoda.

Nawe leo jiulize: wakati unakimbizana na unachokitaka, aliye karibu nawe umemwacha kwa nani? Rudi. Bado hujachelewa.

Bikira Maria, Mama yetu, utuombee.