Kilele Kilikuwa Meereen

Ukiniuliza Game of Thrones ilifika kileleni lini, sitakutajia ile Harusi Nyekundu ya 2013, ingawa usiku ule usingizi ulinipaa. Nitakutajia msimu wa 4, mwaka 2014, katika mji wa Meereen.

Mabwana wa Meereen waliwasulubu watoto watumwa 163 kandokando ya barabara ili kumtisha Daenerys. Alipouteka mji, naye akawasulubu mabwana 163. Nilishangilia. Nani asingeshangilia?

Vipindi viwili baadaye, kijana Hizdahr anakuja kuomba maiti ya baba yake akaizike. Anasema baba yake alipinga watoto wale wasisulubiwe. Daenerys anashikilia kwamba hakutenda kosa, kisha anamruhusu azike.

Kwangu hicho ndicho kilele. Hadithi ilinipa hesabu iliyolingana, 163 kwa 163, halafu ikamleta mtoto wa mmoja wao.

Mwaka 2019 Daenerys aliichoma King's Landing ilhali kengele za kusalimu amri zimeshalia. Nililalamika kwamba waandishi wameharakisha, na mpaka leo naamini waliharakisha. Lakini haraka ile haikuwa yao peke yao. Miaka mitano kabla nilimsikia Hizdahr, nikamsahau kabla kipindi hakijaisha, kwa sababu aliyeua alikuwa wa upande wangu.

Sasa najiuliza: nilichukia moto ule kwa kuwa ulikuwa ukatili, au kwa kuwa safari hii waliokufa niliwahurumia?