Kuhani Asiyedai Damu ya Jirani



Kabla Injili haijafika huku kwetu Usumbwa na Usukuma, wazee wetu walijua ya kuwa mwanadamu huhitaji mpatanishi. Kazi hiyo ilikuwa ya mfumu. Mtoto alipougua, au mke alipokosa kuzaa, mfumu alipasua kuku, akasoma dalili ndani yake, akaeleza ni babu yupi aliyesahauliwa na atolewe sadaka gani. Waswezi nao walikuwa na chama chao cha siri cha kumheshimu Lyangombe. Mtemi alisimama kwa ajili ya nchi nzima katika mambo ya mvua na mbegu, hata utemi ulipofutwa mwaka 1963. Mataifa mengine nayo yana makuhani wao: huko China makuhani wa dini ya Tao huombea wafu na kutakasa vijiji.

Tusiwacheke wazee wetu. Walitambua kwamba kosa huleta utengano, na utengano hutaka upatanisho.

Lakini ramli ina mlango wa pili. Mgonjwa huuliza, "Ni nani aliyeniroga?" Hapo kidole humwelekea jirani, mara nyingi bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Sote tunajua vikongwe waliokatwa mapanga katika mikoa yetu. Tangu mwaka 2007 tumesikia pia jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyowindwa kwa ajili ya viungo vyao. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Lakini amri haiwezi kubadili moyo.

Waraka kwa Waebrania watufundisha habari za Kuhani Mkuu aliyejitoa nafsi yake, tena mara moja tu. Huyu hadai damu ya mtu yeyote. Basi mbona Jumapili twaipokea Meza yake, na Jumatatu usiku twabisha hodi kwa mpiga ramli? Watu wa Efeso waliochoma vitabu vya uganga, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19), walifanya hivyo mbele ya watu wote.

Tukiugua, twendeni hospitali, tukawaite na wazee wa Kanisa watuombee, kama Yakobo alivyoagiza. Na juma hili kila nyumba imtembelee bibi mmoja anayeishi peke yake, impelekee kuni na maji, ili kijiji kizima kijue kwamba ana ndugu.

Amina.