Deni la Aliyeuguzwa Ugenini



Mmoja wetu alisafiri nje ya nchi kwa shughuli zake, na siku ya tatu akashikwa na homa kali. Hakuwa na bima, wala hakumjua mtu katika mji ule ila mfanyabiashara mmoja waliyekutana safarini. Huyo ndiye aliyempeleka hospitali, akalipa fedha iliyotakiwa kabla ya kulazwa, na kila asubuhi uji ukaletwa kutoka nyumbani kwake. Alipopona akaja kufahamu kwamba mali ya mfadhili wake yatokana na kuwapeleka wasichana kazi za majumbani na kuwanyang'anya mishahara yao. Sasa amerudi, naye anatuuliza: je, nina haki ya kumshitaki mtu aliyeniokoa? Na nikinyamaza, je?

Wako watakaosema angekata bima, na swali lisingezuka. Ni kweli, yatupasa kukata. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, yamtaka kila mgeni atokaye nje ya nchi awe nayo, na kwa mtu mzima ada iliwekwa dola 44. Huko England mgeni hutibiwa bure katika chumba cha dharura, lakini akilazwa aweza kudaiwa mara moja na nusu ya gharama. Lakini hayo ni mambo ya mfuko, na ndugu yetu haulizi habari za mfuko.

Swali lake si geni katika nchi zetu. Twamjua Daktari Livingstone, mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa. Januari 1867 wapagazi walitoroka na sanduku lake la dawa, naye akajiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa 1869, akiwa safarini kuelekea Ziwa Tanganyika, mvua ilimnyeshea akapatwa na ugonjwa wa mapafu, akikohoa usiku na mchana, asiweze kutembea. Aliyemwokoa ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alimpa dawa, akaamuru achukuliwe juu ya kitanda mpaka ziwani, na tarehe 14 Machi 1869 mgonjwa akafika Ujiji, yu hai.

Livingstone aliuandika wema ule kwa shukrani, na Julai ya mwaka uo huo akafuatana na Bogharib tena kwenda Manyema. Lakini kalamu yake haikunyamaza. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona watu wa wafanyabiashara wakiwapiga wanakijiji risasi, naye akayaandika yote. Habari zile zilipofika Uingereza zilisaidia kuleta mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, pale pale liliposimama Kanisa Kuu letu.

Je, alikuwa mnafiki? Sisi twaona hapana. Wema wa Bogharib ulikuwa wema kweli, wala si vizuri kuutafutia hila kwa sababu mtendaji alikuwa na dhambi nyingine. Aliyelala hoi hana nafasi ya kuchagua mkono wa kumwinua. Lakini watu waliofungwa minyororo hawakuwapo mgonjwa alipopewa dawa, wala hawakukubali kwamba maisha yake yalipiwe kwa kimya juu ya maisha yao.

Linalotusumbua zaidi ni kile kitanda. Bogharib hakukibeba mwenyewe. Kilichukuliwa mabegani mwa watu wa msafara, katika mvua na njia mbaya, juma baada ya juma. Je, walikuwa na nafasi ya kukataa? Twasimuliana habari za Daktari na za mfadhili wake, nao hatuwataji.

Ndipo tukamwuliza ndugu yetu, ule uji nani alikuwa akiuleta? Akakaa kitambo, kisha akasema ni msichana mmoja, na kwamba kwa siku zote tisa hakumwuliza jina lake. Ameandika barua mbili. Ya kwanza, ya kumshukuru mwenyeji wake, imekwisha kwenda. Ya pili ni kwa ubalozi wetu wa huko, na alipoagana nasi ilikuwa ingali mfukoni.