Lawama ya Mkono na Lawama ya Chombo

Kazi ikiharibika, wawili husimama mbele ya hukumu: mtendaji na chombo chake. Mtendaji ana ulimi na chombo hakina. Kwa hiyo aghalabu chombo hushindwa kabla kesi haijasikizwa. Seremala husema msumeno ni butu, mwandishi husema kalamu inavuja, na asiyejua kucheza ngoma husema uwanja una mashimo. Wazee wetu waliwacheka watu wa namna hii, na kicheko chao kilikuwa cha haki. Lakini, msomaji, si kweli pia kwamba iko misumeno iliyo butu, na viko viwanja vyenye mashimo? Kama ni kweli, ni lini mtu ana haki ya kukilaumu chombo, na ni lini apaswa kujilaumu mwenyewe?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya kila kazi ya mikono. Mimi nitaliuliza juu ya gitaa, na hasa gitaa lile la nyuzi za nailoni ambalo hupigwa kwa vidole vitupu. Nimelichagua kwa sababu vijana wengi hulitamani, wachache huanza kujifunza, na wachache zaidi huendelea. Wengi katika wale wanaoacha huondoka na hukumu moja juu ya nafsi zao, kwamba hawakuzaliwa na kipaji. Hukumu hiyo ni nzito kwa mtu wa miaka 15. Yafaa tuchunguze kama aliyeitoa alikuwa na ushahidi wa kutosha.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Gitaa hili, kwa umbo tulijualo leo, lilikamilika Hispania katika karne ya 19, na fundi anayepewa sifa kubwa kuliko wote ni Antonio de Torres, aliyezaliwa karibu na mji wa Almería mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892. Alikuwa seremala kabla ya kuwa fundi wa magitaa. Alikipanua kiwiliwili cha gitaa, akaufanya ubao wa mbele kuwa mwembamba na mwepesi, akautegemeza kwa vijiti vilivyopangwa ndani mfano wa upepeo wa mkono. Wakati wake nyuzi nyembamba zilikuwa za utumbo wa mnyama, na zile nene zilikuwa za hariri iliyozungushiwa waya. Nailoni ilikuja katika miaka ya 1940, siku za Vita Kuu ya Pili, utumbo ulipoadimika kwa kuwa ulihitajiwa kushonea majeraha ya watu. Albert Augustine, fundi wa New York, alitengeneza nyuzi za nailoni, na Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, akazikubali. Watu wa pwani yetu waliozoea udi na gambusi hawataliona gitaa hili kuwa mgeni kabisa. Ni jamaa yao, ingawa si ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1862 Torres alifanya jambo linaloifaa sana kesi yetu. Alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi nzito iliyogandishwa, wala hazikuwa za mti wa thamani. Ubao wa mbele peke yake aliutengeneza kwa mti mwema na kwa ustadi wake wote. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa katika ubao ule. Gitaa hilo lipo hata leo katika makumbusho ya muziki ya mji wa Barcelona. Tazama jinsi fundi huyu alivyotenganisha kilicho cha lazima na kilicho cha fahari. Mgongo unaometa, na mapambo ya rangi yanayozunguka tundu, ambayo ndiyo macho ya mnunuzi huyakimbilia kwanza, yalikuwa mbele yake mambo ya baadaye.

Basi ukienda kununua gitaa, enenda na macho ya Torres. Chungulia ukingo wa tundu la mbele. Ikiwa mistari ya mti inashuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya ubao, ubao ule ni wa mti mmoja. Ukiona tabaka zilizogundishwa moja juu ya nyingine, ni plaiwudi. Mti unaosifiwa ni msprusi wa nchi za baridi au mwerezi mwekundu wa Marekani. Ule wa kwanza una sauti angavu, na wa pili una sauti ya joto zaidi. Na anayekuambia kwamba mmoja ni bora kuliko mwingine anakueleza sikio lake, haelezi mti. Kisha liinue gitaa usawa wa jicho, uitazame shingo kana kwamba unalenga shabaha. Shingo iliyopinda ni ugonjwa ambao anayeanza hawezi kuuponya. Pima nafasi iliyo kati ya nyuzi na kijiti cha chuma cha kumi na mbili: karibu milimita 3 chini ya uzi mwembamba wa mwisho na karibu 4 chini ya uzi mnene wa mwisho yatosha. Ikiwa ni zaidi sana, vidole vyako vitaumia bure. Bana kila uzi katika kila kijiti, pole pole, bila ya haya mbele ya mwenye duka, ukasikilize kama pana mahali panapokwaruza. Mwisho piga uzi ukiwa wazi, kisha uubane katika kijiti hicho cha kumi na mbili, yaani nusu ya urefu wake. Sauti ya pili lazima iwe ile ile ya kwanza iliyopanda daraja nane kamili. Kama imepinduka kidogo, gitaa hilo halitakaa sawa na nafsi yake hata ukilisawazisha mchana kutwa.

Kama mikono yako ni midogo, liko gitaa dogo, na hakuna aibu kulitaka. Wala usikubali ushauri wa kufunga nyuzi za chuma katika gitaa lililotengenezwa kwa nailoni ili lipige kelele zaidi. Nguvu ya mvuto wa nyuzi za chuma hukaribia mara mbili ya ile ya nailoni, na ubao mwembamba huo utavimba, au kipande kinachoshika nyuzi kitang'oka. Nikilazimika kuchagua kati ya gitaa la plaiwudi lenye shingo iliyonyoka na gitaa la mti mmoja lenye shingo iliyopinda, nitachukua la plaiwudi bila ya kufikiri mara mbili. Utaniuliza kwa nini, na jibu langu ndilo kiini cha insha hii.

Gitaa mikononi mwa anayejifunza ni shahidi. Kila siku humwambia jinsi mkono wake ulivyotenda. Kidole kikibana uzi mbali mno na kijiti, uzi hukwaruza. Kikibana karibu yake, sauti hutoka safi. Na katika tofauti hiyo mwanafunzi hujifunza. Lakini gitaa bovu hukwaruza mahali pote. Mkono ukikosea hukwaruza, na mkono ukitenda vema hukwaruza vile vile. Shahidi wa namna hii hana faida, tena ana hatari, maana mwanafunzi hajui kwamba anaambiwa uongo. Yeye husikia lawama tu, na kwa kuwa ni mnyenyekevu huichukua yote juu yake. Wale waliofunzwa na wazee kutolaumu vyombo ndio wanaoumia zaidi. Hapo kujilaumu, ambako kwa kawaida ni adabu, hugeuka kuwa kosa, kwa sababu adabu bila ya ukweli humdhulumu mtu asiye na hatia, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo nasema kwamba gitaa linalofaa kwa anayeanza ni lile lisilosema uongo. Sauti tamu ni neema ya kuongezwa. Plaiwudi yaweza kuwa na sauti fupi na hafifu, lakini ikiwa shingo imenyoka itakuambia kweli.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana yuko mtu atakayeshika maneno haya na kuyafanya kuwa kinga ya uvivu wake. Ana gitaa lililonyoka, shahidi mwaminifu, lakini anasema atajifunza sawasawa siku atakapopata gitaa la bei kubwa lililotoka Hispania. Mtu huyu namjibu kwa habari za Agustín Barrios wa Paraguay, aliyeishi tangu mwaka 1885 hadi mwaka 1944. Siku zake wapigaji wa heshima walitumia nyuzi za utumbo. Barrios alitumia za chuma, akizipoza ukali kwa vipande vidogo vya mpira. Walikuwako waliomdharau kwa sababu hiyo. Leo tungo zake hupigwa katika kumbi za dunia nzima, na anayezisikiliza haulizi zilitungwa juu ya nyuzi gani. Na karibu nasi zaidi, Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952, na George Mukabi wa Magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963, walipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, vidole viwili tu, wakafanya gitaa moja lisikike kama mawili. Sikuyataja haya ili kusema kwamba chombo si kitu. Nataka tuone kwamba chombo kikishakuwa kikweli, hesabu yote iliyobaki ni ya mkono.

Segovia mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1912, akiwa kijana asiye na fedha, alikwenda Madrid katika karakana ya Manuel Ramírez kuomba kukodi gitaa kwa ajili ya tamasha moja. Ramírez alimsikia akipiga, akampa gitaa lile bure. Watu huipenda hadithi hii kwa sababu ya ukarimu wa fundi. Mimi huipenda kwa sababu ya mpango wake: mkono ulikuja kwanza, na gitaa zuri likafuata. Miaka ya kujifunza ambayo, kwa maneno yake, hakuwa na mwalimu, ilikuwa imekwisha kupita juu ya vyombo vidogo kuliko kile.

Na kujifunza huko kuna nini ndani yake? Kuna mambo madogo yanayorudiwa. Mauro Giuliani wa Italia alichapisha mwaka 1812 mazoezi 120 ya mkono wa kulia ambayo yote huzunguka juu ya mafungu mawili tu ya sauti. Mkono wa kushoto karibu hauna kazi. Wa kulia hutembea kwa njia 120. Hakuna msikilizaji atakayelipa kiingilio kusikiliza hayo. Ndipo tabia ya mtu hujulikana, maana chumbani hakuna shahidi mwingine ila lile gitaa. Kila mwanafunzi ajua mahali panapomshinda katika wimbo, na kila mwanafunzi ajua hila ya kupapita mbio ili pasisikike. Ndugu zake hawatagundua, na huenda wakapiga makofi. Dawa yake ni kupapiga pole, pole kuliko inavyopendeza, mpaka kidole kikubali. Na dakika 20 za namna hii kila siku hushinda saa tatu za Jumamosi. Mtu akipapita mbio kila siku, hana haki ya kumlaumu fundi, wala duka, wala kipaji chake.

Liko jambo moja zaidi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wewe unayesoma haya pengine huna fedha zako. Gitaa litanunuliwa na mzazi ambaye ana karo ya kulipa, na wadogo zako wa kuvisha. Je, ni haki kumwomba mzazi fedha kwa ajili ya sauti? Sithubutu kusema ni haki daima. Chakula hutangulia, na karo pia. Lakini naona ni dhuluma kumwomba gitaa la kumeta ikiwa lililonyoka linatosha, na ni dhuluma zaidi kumruhusu anunue bovu kwa kuwa ni rahisi, kisha ulitupe juu ya kabati kabla mwaka haujaisha. Hapo fedha yake yote imepotea, nawe umetoka na uongo juu ya kipaji chako. Ikiwa fedha haitoshi kwa gitaa la kweli, subiri, au muungane wawili mliofunge gitaa moja. Mmoja apige asubuhi na mwingine jioni. Mtagombana kidogo juu ya kuzisawazisha nyuzi, hasa zikiwa mpya, kwa maana nailoni mpya huendelea kunyooka kwa siku kadhaa na haikai mahali pake.

Imebaki habari ya kucha, ambayo wanafunzi huiuliza kuliko falsafa yote niliyoandika. Wapigaji wengi wa leo hufuga kucha za mkono wa kulia na kuzikata kabisa za kushoto, na shule nyingi hukagua kucha asubuhi. Usigombane na mwalimu wa zamu. Francisco Tárrega, mpigaji mkuu wa Hispania aliyefariki mwaka 1909, katika miaka yake ya mwisho alizikata kucha zake akapiga kwa nyama ya ncha za vidole tu. Sauti huwa ndogo zaidi, lakini ni laini, na kwa gitaa la bwenini usiku sauti ndogo haina ubaya.