Dai la Wafiwa na Dhana za Watu

Sheria imempa walii wa damu, yaani jamaa wa aliyeuliwa, haki ya kudai, wala haikumshurutisha kwamba maiti wake awe mtu wa cheo. Sharti hilo wameliongeza watu wenyewe. Mfiwa akiuliza ndugu yake amekufaje, huulizwa kwanza ndugu huyo alikuwa nani, alifuata nini huko, na mwenendo wake ulikuwaje. Ikamlazimu kumsafisha maiti kabla ya kumlilia.

Abdullah bin Sahl, Answari, alikutwa Khaybar ameuliwa na kutupwa ndani ya shimo la maji. Jamaa zake wakamwendea Mtume (s.a.w.) wakiwatuhumu Mayahudi wa mji ule. Akawataka viapo 50. Wakasema hawawezi kuapia wasiloliona. Akawaambia kuwa basi Mayahudi wataapa 50 wajitoe lawamani. Wakajibu: vipi tukubali viapo vya makafiri? Hapo ndipo pa kuzingatiwa. Mtume hakuwahukumu watu wa Khaybar kwa sababu ya dini yao, ijapokuwa wadai walikuwa sahaba zake. Wala hakuwaambia wafiwa kwamba, maadamu hamna shahidi, nendeni. Alichukia damu ile ipotee bure, akatoa dia ya ngamia 100 katika mali ya sadaka.

Hali hiyo haiko mbali na wasomaji wa Jeddah. Katika mitaa ya wageni, habari ya kifo cha mtumishi wa nyumbani hupita upesi. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89, wengi wao watumishi wa nyumbani, walifariki Saudi Arabia katika miaka miwili, na kwamba sababu iliyotajwa zaidi ni kusimama kwa moyo. Na ni nani aliyekufa, moyo wake ukaendelea kupiga?

Haijuzu kudai kwamba wote hao waliuliwa. Hiyo nayo ni dhana, na mwajiri hahukumiwi kwa uraia wake. Lakini jamaa anayeuliza hujibiwa na pande mbili kabla hajamaliza swali. Ugenini huambiwa kuwa watumishi hao wana hila, labda alikuwa na jambo lake. Na nyumbani, kwa watu wa damu yake hasa, huambiwa: si alikatazwa asiende? Neno hili la pili ni zito zaidi, kwa kuwa hutoka kwa wale waliopaswa kusimama naye mlangoni kwa kadhi, na wengi waliolisema walikula katika fedha alizokuwa akizileta marehemu.

Mzazi aliyeko Mombasa au Kisumu hakuomba mtu akatwe kichwa. Anataka cheti cha daktari kinachoeleza jeraha lilipo, kama lipo; jina la aliyeukuta mwili; na mshahara wa miezi iliyobaki, ambao tangu siku ile ni mali ya warithi.