Rangi Zinazopokezana

Huko Uingereza, wengi huenda kitaluni mwezi Juni, wakanunua yaliyochanua siku hiyo, na ifikapo Agosti bustani imebaki majani matupu. Nadhani kosa lao ni kutazama rangi kabla ya kuuliza majira. Maua ya kudumu yenye mashina laini, yale yanayonyauka hadi ardhini wakati wa baridi na kuchipua tena kutoka mizizi ile ile, mengi huchanua kwa wiki chache tu. Hivyo lazima yapokezane: delfiniamu za buluu mwezi Juni, heleniamu za rangi ya kutu kuanzia Julai, asta za zambarau Septemba. Mbunifu wa bustani Gertrude Jekyll alifanya hivyo nyumbani kwake Munstead Wood, Surrey, katika tuta la mita 60 hivi, nyekundu kali zikiwa katikati na rangi tulivu pembeni. Mipopi ilipokauka, jipsofila ilitanda na kuficha pengo. Ustadi wa ajabu!

Atatokea wa kusema maua ya msimu mmoja huchanua miezi mfululizo. Ni kweli, na Jekyll mwenyewe aliyatumia kuziba mapengo. Lakini hayo hupandwa upya kila mwaka, ilhali ya kudumu huongezeka: baada ya miaka michache unagawa mmea mmoja, unapata mitatu. Na wakati wa baridi, mabua yakiachwa, ndege hula mbegu zake. Basi wewe unayetusikiliza ukiwa London au Leeds, ukifika kitaluni, uliza kwanza ua linachanua mwezi gani.